Mwizi Niliyeitwa Kumkamata

Mlioniacha wiki iliyopita, mliniacha na simu sikioni na mate yamenikauka.

Kwa waliochelewa, nawafupishia. Nilifukuzwa duka la simu kwa kosa la kusema ukweli siku moja tu katika maisha yangu yote ya kazi, nilipomwambia mteja kwamba ile simu "mpya" aliyokuwa akiilipia ilishawahi kuzama kwenye ndoo ya maji. Nikakaa mtaani nikihesabu nyufa za ukuta. Akaniokota rafiki mmoja tunayemwita Bwana Mbinu, akanipa kazi ya kompyuta. Nikanenepa kidogo. Halafu dada yangu akapiga simu, analia.

"Mdogo wangu, naibiwa. Njoo unikamatie mwizi."

Mwizi alikuwa mimi.

Msinione mbaya sana, sikulijua hilo papo hapo. Nililijua baada ya kama pumzi mbili.

Dada yangu ni mkunga mstaafu. Mtaa mzima humwita Mkunga, hata mimi nikijisahau. Alipostaafu alikodi chumba kimoja, akaweka mizani, kitanda cha kupimia na mabenchi mawili, akawa anawaangalia kina mama bila kuwatoza. Kodi ya chumba aliipata kwa njia ambayo nilimfundisha mimi mwenyewe, enzi nikiwa bado na akili.

Alikuwa anachukua kitu cha mtoto, pampu ya maziwa tuseme, au neti ya kitanda. Anakijaribu. Anajirekodi video, anasema wazi: hiki kizuri, hiki takataka, msipoteze pesa. Chini ya video anaweka linki ya duka la mtandaoni. Ukiibofya, duka linabandika alama ndogo kwenye simu yako. Wataalamu wanaiita kidakuzi. Alama inasema: huyu kaletwa na Mkunga. Ukinunua, dada anapata kamisheni, na wewe huongezewi bei hata kidogo.

Kazi safi. Sasa sikieni yangu.

Mbinu alikuwa na programu ya simu na kompyuta inayoitwa Nafuu. Unaiweka, inakuahidi kukutafutia punguzo. Ukifika kwenye hatua ya kulipa, inaibuka na kiduara kinachozunguka: "Subiri, tunakutafutia punguzo." Wewe unasubiri, moyo umejaa matumaini. Huku nyuma Nafuu inafuta alama ya aliyekuleta dukani na kubandika ya kwetu. Kamisheni inakuja kwetu. Ni kama mtu aliyelala usingizi siku nzima, kisha anakushika mkono mlangoni na kumwambia mwenye duka: mteja huyu nimemleta mimi.

"Na punguzo linapatikana?" nilimuuliza Mbinu siku ya kwanza.

"Mara mojamoja. Mungu akipenda."

"Sasa huo si wizi?"

"Wizi ni kuchukua kitu cha mtu. Sisi tunabadilisha alama tu. Umewahi kusikia mtu kafungwa kwa kubadilisha alama?"

Nikawakumbuka walimu wawili ninaowafahamu, waliofungwa kwa alama za mtihani. Kesho yake nikaanza kazi.

Basi, dada kaniita. Nikaenda. Ningefanya nini? Mwizi akiitwa kumkamata mwizi akakataa, atashukiwa.

Nilikuta mabenchi yamejaa. Dada alinishika bega akanigeuza niwatazame kina mama, kama mtu anayeonyesha fenicha mpya.

"Huyu ndiye mdogo wangu. Bingwa wa kompyuta. Mwizi wangu leo hana pa kujificha."

Kina mama wakaniangalia kwa heshima. Mmoja, mjamzito wa kujifungua wakati wowote, akainuka kunipisha kiti. Na mimi, bingwa, nikakaa.

"Niambie dada, umejuaje unaibiwa?"

"Nimewaandikia wenye duka. Wamenijibu kwamba watu wanabofya linki yangu kama kawaida, na wananunua kama kawaida, lakini alama yangu haifiki kwenye malipo. Inapotelea njiani. Nikasema alama haina miguu. Kuna anayeibeba."

"Inawezekana ni hitilafu ya mitambo."

"Hitilafu inayochagua mfuko wa kuingia?"

Nikaomba kompyuta yake.

Nikabofya linki yake mwenyewe. Nikachagua neti. Nikaenda kwenye malipo. Na hapo, mbele ya macho yangu, kiduara kikaibuka kikaanza kuzunguka. Nafuu! Nikakinga skrini kwa mgongo haraka, utadhani naficha mtu aliye uchi.

"Nini hicho kinazunguka?" dada akauliza.

"Mtandao. Unapumua."

"Haya, upumue."

"Dada," nikasema taratibu, "hii Nafuu kwenye kompyuta yako kaiweka nani?"

"Wewe nawe! Si wewe mwenyewe, siku ile uliyokuja kunitengenezea printa? Ulisema ndiyo kazi yako mpya, kuwatafutia watu punguzo. Nilifurahi mno. Nikasema hatimaye mdogo wangu kapata kazi ya kusaidia watu."

"Aa. Ndiyo. Nimekumbuka."

"Na sikukaa nayo peke yangu. Kila mama anayepita hapa namwambia, weka Nafuu, ni kazi ya mdogo wangu. Hata kwenye video nasema, mwisho kabisa. Kwani video zangu huziangalii?"

"Naziangalia sana."

Sikuwa nimeangalia hata moja tangu nipate kazi.

Ndugu zangu, nimewahi kuumbuka mara nyingi, nanyi ni mashahidi, mnanisoma. Lakini siku ile niliona aibu ya aina mpya. Mwizi wa kawaida anavunja kufuli. Mimi mwenye nyumba alinikabidhi funguo, akaenda mlango kwa mlango kuwaomba majirani nao wanikabidhi za kwao.

Nikasema natoka nje kutafuta mtandao wenye nguvu. Nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye kamba za nguo, nikampigia Mbinu huku nimejificha kwenye mashuka yaliyoanikwa.

"Mtoe Mkunga kwenye Nafuu," nikamwambia.

"Mkunga yupi? Yule wa video za watoto? Umerogwa? Yule mama ndiye anayetulisha! Watu wanamwamini kupita kiasi. Akisema nunua, wananunua."

"Ni dada yangu."

"Dada wa ukoo?"

"Tumbo moja."

Mbinu akakohoa. Kisha akacheka. Kisha akawa mpole, na Mbinu akiwa mpole shika mfuko wako.

"Ungesema mapema, ndugu yangu. Mimi si mnyama. Dada yako namtoa leo hii. Alama yake Nafuu itaipisha, haitaigusa. Hatajua kitu, utakuwa shujaa nyumbani. Wengine tutaendelea nao."

"Wengine kina nani?"

"Unawafahamu?"

"Hapana."

"Basi hawakuumi."

Nataka kuwaambia kwamba nilikataa. Ningependa sana kuwaambia hivyo. Nimejaribu hata kuandika aya moja inayosema nilikataa, ikasomeka vizuri, nikaifuta, kwa sababu yule mjamzito aliyenipisha kiti analisoma gazeti hili.

Nilisema, "Sawa. Ila fanya sasa hivi."

Nikarudi ndani nimetanua kifua.

"Dada, nimemkamata. Kesho alama zako zitaanza kufika."

Weee! Makofi. Watoto waliokuwa wamelala wakaamka wakalia. Dada akaniwekea mkono kichwani mbele ya watu.

"Mungu akuzidishie, mdogo wangu."

"Amina," nikasema. Tena kwa sauti.

"Na ni nani huyo mwizi?"

"Ni... programu fulani. Ya mbali. Ukikueleza utachoka bure." Ulimi ulikuwa umeshaanza kujikwaa, hata sarufi ilinikimbia.

Ningeondoka saa ileile, leo msingekuwa na cha kusoma. Lakini mwishoni mwa benchi alikuwepo mwanamke mmoja ambaye hakupiga makofi. Mshonaji wa nguo, dada alinieleza baadaye, alikuwa amemsindikiza mdogo wake kupima. Alinyoosha simu yake.

"Fundi, kama umemkamata mwizi wa Mkunga, nikamatie na mchawi wangu."

"Mchawi gani tena, mama?"

"Mume wangu kaniacha kwa mimba ambayo sina."

Benchi likacheka. Yeye hakucheka.

Akaeleza bila kupandisha sauti. Mume ni dereva wa malori ya masafa marefu, akiondoka ni miezi. Ndani ya lori anakaa na tableti yao ya nyumbani, ya kuangalia mpira. Tableti ile na simu ya mshonaji zinatumia akaunti moja. Mdogo wake alipopata ujauzito, mshonaji akaanza kumtafutia vitu: kitanda cha mtoto, chupa, shuka ndogo.

"Siku hizohizo tableti ya mume wangu ikaanza kumletea matangazo. Vitanda vya watoto. Sidiria za kunyonyeshea. Kila mpira ukienda mapumziko, inamwandikia: 'Hongera mama mtarajiwa, safari yako imeanza.' Akanipigia. Ananiuliza, mimi niko barabarani tangu mvua za mwanzo, hiyo safari umeianza na nani?"

"Ukamwambia ukweli?"

"Nikamwambia namtafutia mdogo wangu. Akasema mdogo wako ana simu yake. Mkunga akanipima, akaniandikia cheti kwamba sina mimba. Mume wangu akasema vyeti vinanunuliwa. Fundi, mtu akishaambiwa na mashine, binadamu unamwambia nini akakuelewa? Wiki iliyopita ndugu zake wamenirudishia cherehani yangu kwa wazazi wangu, juu ya mkokoteni, mchana, watu wanaona."

Niliipokea ile simu nikiwa tayari najua nitakachokikuta.

Nafuu ilikuwa pale, katikati ya picha za magauni.

Kuna jambo sijawaambia. Nafuu haikuishia kubadilisha alama. Ilikuwa inakusanya pia: nani kaangalia nini, karudia mara ngapi, kaacha wapi. Mbinu alikuwa anawapanga watu kwenye mafungu na kuyauza kwa wenye matangazo. Fungu la wanaojenga. Fungu la wanaoumwa mgongo. Na fungu la kina mama wajawazito, ambalo aliniomba nilitungie salamu tamu.

"Hongera mama mtarajiwa, safari yako imeanza."

Niliitunga mimi. Mbinu aliisifu mno. Mimi mwenyewe niliirudiarudia kwa sauti nikijiona mshairi.

Basi nikafanya alichofanya mwoga tangu dunia iumbwe: nikafuta ushahidi. Nikaiondoa Nafuu kwenye simu, nikamrudishia.

"Tayari, mama. Matangazo yatapungua."

"Yatapungua? Mume wangu atarudi?"

"Hilo sasa... si la kiufundi."

"Umefuta nini?" Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Huwezi kumsikia mkunga akitembea, wakunga wamezoea vyumba vya watoto waliolala. "Nimeona umefuta Nafuu. Kwa nini umefuta Nafuu?"

"Ilikuwa inajaza nafasi."

"Kwenye kompyuta yangu pia ulipoiona ulishtuka. Ukaniambia mtandao unapumua." Akavua miwani. Dada yangu akivua miwani ujue haoni tena haja ya kukuona vizuri. "Mdogo wangu. Mwizi wangu anaitwaje?"

Nikatazama mlango. Ulikuwa umezibwa na kigari cha kusukumia mtoto.

"Anaitwa Nafuu," nikasema.

"Na Nafuu ni ya nani?"

"Ya Mbinu. Na... kidogo ya kwangu."



Nikadhani atanipiga. Natamani angenipiga. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akasema, "Anza mwanzo. Kwa Kiswahili. Na kwa sauti, hawa wote wasikie."

Nikaeleza. Kiduara. Alama. Mafungu. Kila sentensi ikitoka nilikuwa naona simu zinatolewa kwenye mikoba, zinaangaliwa kama mtu anavyoangalia nyoka aliyemkuta ndani ya kiatu.

"Lakini mlikubali," nikajitetea, maana sikuzote nina neno moja la ziada la kuniongezea adhabu. "Mliweka tiki."

"Tiki ya nini?" akauliza mjamzito wa kiti changu.

"Ya masharti."

"Yameandikwa wapi?"

"Chini."

"Chini wapi?"

"Chini kabisa. Ukishuka sana."

"Wewe uliyasoma?"

"Mimi niliyaandika."

"Sijakuuliza kama uliyaandika. Nimekuuliza kama uliyasoma."

Nilikuwa nimeyanakili kutoka programu nyingine. Sikuwahi kuyasoma.

"Na ile sentensi ya kwamba umemkamata mwizi," dada akasema, "maana yake nini hasa?"

"Nilimwomba Mbinu akuache wewe."

"Mimi. Na hawa?"

Nikatazama sakafu. Ilikuwa safi sana, hata jongoo wa kunifariji hakuwepo.

"Yaani ulitaka mimi nilipwe," dada akasema, "niendelee kuwaambia kina mama waweke Nafuu, huku nao wanachunguliwa. Ulikuwa unaninunua kwa haki yangu mwenyewe."

Hapo ndipo nilipolia. Sikulia kwa ajili ya haki. Nililia kwa sababu alikuwa hajapandisha sauti, na utotoni dada yangu alikuwa akinichapa kwa kandambili na kisha tunacheka. Siku hiyo kandambili zilibaki miguuni mwake.

Akawasha kamera ya video zake. Akajirekodi hapohapo, mimi nikiwa nyuma natoa kamasi. Akasema kwa ufupi: niliwaambia muweke Nafuu, nilikosea, itoeni leo, aliyeitengeneza ni ndugu yangu na yuko nyuma yangu analia. Akaituma. Sasa nilikuwa nimefukuzwa kazi mara ya pili, safari hii kwenye skrini, na Mbinu alikuwa ameanza kupiga simu bila kupumzika. Sikupokea.

Nikadhani yamekwisha.

Mshonaji akasimama. Muda wote alikuwa anasikiliza kama mtu anayepima kitambaa. Akabonyeza namba kwenye simu yake, akaniwekea sikioni kwa mkono wake mwenyewe.

"Mimi hanisikilizi. Mkunga hamsikilizi. Wewe ndiye mashine. Mwambie."

"Mama, subiri kwanza nijipange..."

"Inaita."

Kweli ilikuwa inaita. Nikajipanga haraka: salamu kwanza, kisha akaunti moja, kisha fungu la wajawazito, kisha samahani. Ulikuwa mpango mzuri. Nilikuwa hata nimeshafuta kamasi.

Simu ikapokelewa. Nikasikia muungurumo wa injini, kisha sauti nzito, yenye uchovu wa barabara na kitu kingine kama matumaini.

"Mke wangu?"

"Hapana, mzee," nikasema. "Shikamoo."

Matumaini yale yakazimika.

"Wewe nani unayeshika simu ya mke wangu?"

Mpango wote ukayeyuka. Akaunti ikakimbia, fungu likakimbia. Kikabaki kile kitu kimoja tu nilichokuwa nimekisema mbele ya watu mchana kutwa, kwamba kosa ni langu.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Ile habari ya mimba. Ni mimi. Ni kazi yangu."

Nilimwona dada akifunika uso kwa mikono miwili. Hapo ndipo na mimi nikakisikia nilichosema.

"Kumbe ndiwe," sauti ikasema, taratibu mno. "Nimeingia mjini asubuhi hii. Nilikuwa nakuja kumsikiliza tena mke wangu. Sasa nitakusikiliza wewe. Uko wapi?"

"Mzee, ngoja, nilimaanisha matangazo..."

Na yule mdogo wa mshonaji aliyeletwa kupima, kwa nia njema kabisa, akainamia simu na kupaza sauti:

"Yuko hapa kwa Mkunga, shemeji! Nyumba ya pili baada ya duka la vioo. Njoo haraka kabla hajakimbia!"

Injini ya lori ikanguruma.